Ndugu wabaki nje? Hoja mbili kuhusu msindikizaji leba

Katika hospitali nyingi za serikali nchini Tanzania, ndugu wa mjamzito huishia kwenye mlango wa wodi ya wazazi. Mama anaingia na kadi ya kliniki, kanga zake na beseni. Mama yake mzazi, wifi au mume anabaki kwenye benchi la nje, akisubiri nesi atoke na habari. Tumeuzoea utaratibu huu hadi hatuulizi ulianzia wapi. Bibi zetu wangeushangaa: wao walijifungulia nyumbani huku wanawake wamewazunguka, na pwani mpaka leo binti mwenye mimba ya kwanza hurudi kwao akazalie mikononi mwa mama yake.

Kilichobadilika ni mahali pa kuzalia. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015-16 ulionyesha kwamba asilimia 63 ya uzazi ulifanyika katika vituo vya afya. Ule wa 2022 ukaonyesha asilimia 81. Makadirio ya vifo vya uzazi katika tafiti hizohizo yalishuka kutoka 556 hadi 104 kwa kila vizazi hai 100,000. Hakuna anayetaka turudi tulikotoka. Lakini mama aliyekubali kuja hospitali alilazimika kuwaacha nje watu wake, na hilo halikuwa sharti la tiba.

Wanaotaka mlango ubaki umefungwa wana hoja, na si busara kuwaita wakatili. Leba nyingi ni chumba kimoja kirefu. Vitanda vimekaribiana, pazia hakuna, na wanawake wamejifunua. Ukimruhusu mume wa kitanda cha tatu, umemruhusu amwone pia mama wa kitanda cha nne, ambaye hakuulizwa. Siri za mgonjwa nazo ziko hatarini: majibu ya kipimo cha virusi vya UKIMWI yanaweza kusikika kwa wifi ambaye hakupaswa kuyajua. Kisha kuna ndugu wenyewe. Wakunga wana visa vingi vya mama mkwe aliyeingiza chupa ya dawa za kienyeji za kuongeza uchungu, wakati dawa za namna hiyo zinaweza kubana mfuko wa uzazi kupita kiasi, hata ukapasuka. Wengine humhimiza mzazi asukume kabla njia haijafunguka. Nesi anayehudumia wazazi kadhaa peke yake hana muda wa kubishana na shangazi.

Upande wa pili una ushahidi mzito zaidi. Mapitio ya 2017 ya Cochrane, mtandao wa kimataifa wa watafiti wanaokusanya na kupima matokeo ya tafiti za tiba, yalikusanya majaribio 26 kutoka nchi 17, yenye wanawake zaidi ya 15,000. Waliokuwa na mtu wa kuwatia moyo muda wote walielekea zaidi kujifungua kwa njia ya kawaida, upasuaji ulipungua, na uchungu ulikuwa mfupi kwa wastani wa dakika kama 40. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani likapendekeza kila mama awe na msindikizaji anayemchagua mwenyewe. Kuna jambo ambalo watetezi huliruka: toleo la awali la mapitio hayo liliona faida kubwa zaidi pale msaidizi alipokuwa si mfanyakazi wa hospitali wala ndugu, bali mwanamke aliyekuja kwa kazi hiyo tu. Kwa hiyo undugu peke yake si dawa. Dada aliyejaa hofu anaweza kumwongezea mzazi hofu yake.

Hata hivyo, msindikizaji ana faida nyingine ambayo vipimo vya majaribio haviigusi vizuri: ni shahidi. Agosti 2013, mama mmoja alijifungulia sakafuni kwenye korido ya hospitali ya Bungoma, Kenya, wauguzi wakamtukana na kumpiga makofi. Kilichomsaidia ni kwamba mtu alirekodi. Machi 2018 Mahakama Kuu ikaamuru alipwe fidia ya shilingi milioni 2.5 za Kenya. Ni wangapi waliofanyiwa hivyo bila jicho la mtu yeyote karibu?

Kigoma imeonyesha kwamba kuna njia ya kati. Kati ya 2016 na 2018, shirika la Thamini Uhai liliendesha mradi wa majaribio wa kuruhusu wasindikizaji katika vituo vya serikali mkoani humo. Wasindikizaji walikuwa wanawake, na hapo ndipo hoja ya stara ilipopata jibu bila kusubiri jengo jipya. Mimi naona huo ndio mwanzo unaofaa wodi zetu za sasa: mwanamke mmoja, aliyechaguliwa na mzazi, aliyeelezwa mapema asilete dawa wala asitoe amri. Waume wasubiri vyumba vyenye faragha, ingawa najua wapo wake ambao mtu pekee wanayemtaka pale ni mume. Na wapo wasiotaka mtu kabisa. Mwanamke asiyetaka mkwewe amsikie akilia naye aheshimiwe, tena aulizwe faraghani, si mbele ya mkwe huyo.

Tusisahau kwamba katika hospitali nyingi za binafsi, anayelipia chumba chake huingia na mumewe, wala husikii habari ya maambukizi wala vurugu. Hata New York, hospitali kadhaa zilipowazuia wenza mwezi Machi 2020 kwa sababu ya korona, haikuchukua muda gavana akaamuru kila mzazi aruhusiwe mtu mmoja.

Hofu yangu iko kwingine. Mlango ukifunguliwa katika hospitali yenye upungufu wa wauguzi, msindikizaji atageuzwa mfanyakazi wa bure: apige deki, akimbie duka la dawa, aangalie kama damu inatoka nyingi. Hilo la mwisho ni kazi ya mkunga, na likikosewa mtu anakufa. Mwongozo wowote wa kuruhusu wasindikizaji useme waziwazi wasichopaswa kufanya. Useme pia nani atakaa na binti wa kazi za ndani aliyeletwa na bodaboda, ambaye ndugu zake wote wako mkoa mwingine.