Mau: Mwogiek anafukuzwa kwa makosa ya nani?

Watu wengi wakisikia Waogiek, jamii ya asili ya wawindaji na wavuna asali, wanadai msitu wa Mau kule Bonde la Ufa, Kenya, wanadhani ni yale yale ya kila siku, kundi lingine linataka kugawiwa msitu likate miti lipande viazi. Ndio maana habari za kufukuzwa kwao zinapita haraka. Novemba 2023 pale Sasimwani, kaunti ya Narok, watu kama 700 walitolewa, nyumba zikabomolewa, na wapo Wakenya wengi tu waliopumua wakasema afadhali, sasa maji yetu yatapona. Siwalaumu, maana hadithi waliyosimuliwa miaka yote ni kwamba adui wa msitu ni mtu anayeishi ndani yake.

Nianze na hoja za serikali kwa sababu zina uzito, na anayezidharau hajawahi kukosa maji. Mau ni zaidi ya hekta 400,000 na inatoa mito zaidi ya kumi, Mara, Sondu, Njoro, Molo, Nyando, Ewaso Nyiro ya kusini na mingineyo, inayolisha maziwa ya Victoria, Nakuru, Baringo na Natron. Umeme wa Sondu Miriu unatoka huko. Chai ya Kericho inategemea ubaridi na mvua ya huko, na mto Mara ukikauka hata ng'ombe wa upande wa Tanzania watajua. Kwa hiyo serikali ikisema Mau ni mali ya watu wote, haijasema uongo.

Hoja ya pili ni kwamba Mwogiek wa leo sio yule wa zamani. Analima mahindi na viazi, ana ng'ombe, nyumba ya mabati, simu mfukoni. Mwaka 2000 Mahakama Kuu ilitumia hoja hiyo hiyo kwenye kesi ya msitu wa Tinet, sehemu ya Mau, ikawaambia Waogiek wameacha maisha ya kuwinda na kuokota kwa hiyo hawawezi kudai msitu kana kwamba bado wanaishi hivyo. Halafu kuna hofu ya karatasi. Kule Maasai Mau tuliona mashamba ya jumuiya yaliyopakana na msitu yakipimwa upya mpaka mipaka ikaingia ndani kabisa, vipande vikauzwa, walionunua wakapewa hati, na mwaka 2018 na 2019 serikali ikarudi kuwafukuza watu wenye hati mkononi. Aliyeshuhudia hayo yote akiambiwa sasa tutoe hati nyingine ndani ya Mau lazima ashtuke.

Sawa. Sasa twende kwenye namba inayotajwa kila mara, maana mimi hapo ndipo huwa nakwama. Jopokazi la serikali la 2009 lilisema karibu hekta 107,000 za Mau, yaani robo nzima ya msitu, zilipotea ndani ya miaka kumi na tano hivi. Namba hii inatolewa kama ushahidi kwamba watu lazima watoke. Lakini hebu iulizwe ilipatikanaje. Zaidi ya hekta 61,000 kati ya hizo zilitolewa mwaka 2001 na serikali yenyewe, kwa tangazo kwenye Gazeti Rasmi, mipaka ya msitu ikafutwa mchana kweupe. Mau Mashariki peke yake ilipoteza hekta 35,301, na Mau Kusini Magharibi hekta 22,797. Hebu rudia hiyo ya kwanza polepole, hekta 35,301, ni eneo kubwa kuliko kaunti nzima ya Mombasa, lilitoka kwenye msitu kwa kalamu. Hakuna familia ya panga na shoka inayoweza kumaliza eneo la namna hiyo kwa mwaka mmoja. Zaidi ya nusu ya uharibifu ambao Mwogiek anaadhibiwa kwa sababu yake ulipitia ofisini, ukapigwa muhuri.

Na kinachouma zaidi ni kwamba sababu iliyotolewa wakati ule ni kuwapa makao wasio na ardhi, wakiwemo Waogiek. Walitajwa kwenye sababu, lakini jopokazi lilipochunguza likakuta mashamba makubwa yaliwaendea maafisa na wanasiasa na watu wao. Waogiek walikuwa wameshaenda mahakamani tangu 1997 kupinga ugawaji wa Mau Mashariki, na hukumu ya kesi ile ilitoka 2014, miaka kumi na saba baadaye, ikakubali kwamba haki zao zilivunjwa. Wakati huo miti ilishakuwa mbao na ngano ilishavunwa misimu mingi. Tena miaka ile ile, serikali ilipopiga marufuku ukataji miti mwaka 1999, kampuni kubwa chache ziliachwa ziendelee kukata. Ukiweka hayo yote pamoja unaona msitu haukukosa ulinzi kwa sababu kulikuwa na watu ndani, uliuzwa na wale waliokabidhiwa kuulinda.

Kitu ambacho hakielezwi vizuri ni kwamba Mau ilikuwa na wenyewe na mipaka kabla ya serikali yoyote. Wengine wanapiga picha ya Mwogiek kama mtu anayezurura tu porini, leo hapa kesho pale. Hapana. Msitu uligawanywa kwa koo, na kipande cha ukoo, konoito, kilikuwa kirefu, kinaanzia chini kinapanda mpaka juu kabisa mlimani. Sababu yake ni nyuki. Maua ya chini hayachanui wakati mmoja na ya juu, kwa hiyo familia inavuna chini, maua yakiisha inapanda, inavuna tena. Mzinga wenyewe ni gogo la mtarakwa lililopasuliwa, likachongwa ndani, likafungwa tena, halafu mtu analipandisha mgongoni mpaka juu ya mti. Asali ile ni chakula, ni mahari, ni kinywaji cha sherehe. Sasa mtu wa namna hii ukimkatia miti ya asili umemkatia shamba. Na ukipanda misaiprasi, miti ya kigeni ya mbao, mahali pale, kama ilivyofanywa sehemu nyingi za Mau tangu ukoloni, kwa jicho la mtu wa Nairobi ni msitu bado, kijani kibichi, lakini nyuki hana cha kufanya pale.

Kwa hiyo wakianza kulima viazi tunawauliza mbona mmebadilika? Wamebadilika kwa sababu waliondolewa, wakoloni walianza, Tume ya Carter, tume yao ya ardhi ya miaka ya 1932 hadi 1934, ikapendekeza wahamishiwe kwenye maeneo ya makabila makubwa wamezwe huko, na serikali zilizofuata hazikuuacha mtindo huo. Halafu hakuna Mkenya mwingine anayenyimwa ardhi ya babu yake kwa sababu ameacha kuishi kama babu yake. Mkamba mwenye duka Nairobi shamba la Machakos ni lake. Kwa nini Mwogiek peke yake adaiwe avae ngozi ndio aaminiwe?

Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu kule Arusha ililiona hili. Kesi ilianza na notisi ya serikali ya Oktoba 2009, siku 30 watu wawe wametoka, na hukumu ya tarehe 26 Mei 2017 ikasema Kenya ilivunja haki zao za ardhi, utamaduni, dini, maendeleo na nyinginezo. Juu ya mazingira mahakama ilisema Kenya haikuleta ushahidi kwamba Waogiek ndio walioharibu Mau, na kwamba kilichoharibu ni wavamizi wengine pamoja na maamuzi ya serikali, kumega msitu na kutoa vibali vya kukata miti. Juni 2022 ikaja hukumu ya fidia, shilingi 57,850,000 kwa hasara ya mali na shilingi milioni 100 kwa mateso. Kuna waliosema Waogiek wamepata mamilioni. Piga hesabu. Mahakama iliwahesabu kama watu 20,000, kwa hiyo ukigawa inakuja kama shilingi 7,900 kwa kila mmoja, kwa vizazi vyote vile vya kufukuzwa. Hela sio kiini cha hukumu ile. Kiini ni amri ya kupima ardhi yao ya asili, pamoja nao, na kuwapa hati ya pamoja ndani ya miaka miwili. Hiyo miaka miwili iliisha 2024 na hati hakuna.

Ngumu kweli kweli ni hili la walionunua. Kuna maskini, wengi wao Wakipsigis, waliouza ng'ombe wakanunua ekari tano Mau kwa mtu aliyeonekana na mamlaka ya kuuza, wamezika wazazi wao pale. Kumfukuza huyo ili kumrudisha Mwogiek ni kuhamisha machozi tu kutoka boma hili kwenda lile. Mahakama haikulikwepa jambo hili, iliagiza mazungumzo kwanza, na pale ambapo hakuna mapatano serikali imfidie aliyenunua halafu ardhi irudi. Ni ghali, naam, lakini ghali hiyo ni ya serikali iliyotoa hati zile.

Na ile hofu kwamba wakipewa watauza? Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 haiwezi kuruhusu ardhi ya jamii itoke mpaka theluthi mbili ya wanajamii wakubali, na Katiba yenyewe kifungu cha 63 inataja ardhi za asili za jamii za wawindaji na waokotaji kuwa ni ardhi ya jamii. Ulinganishe na 2001, ilitosha tangazo la waziri. Jirani zetu Tanzania, Wahadzabe wa bonde la Yaeda walipata hati ya kimila ya pamoja mwaka 2011, kama hekta 20,000, hawakuuza, wana walinzi wao wenyewe na wanalipwa kwa kaboni, yaani ile hewa inayopasha dunia joto ambayo inabaki imefungwa kwenye miti isiyokatwa.

Hapo kwenye kaboni ndipo ninapoogopa kwa ajili ya Mau. Sheria ya tabianchi iliyorekebishwa Septemba 2023 inasema mradi wa kaboni kwenye ardhi ya umma au ya jamii lazima uwe na mkataba na jamii, na kwa miradi ya ardhi jamii ipate angalau asilimia 40 ya mapato. Miezi miwili baadaye Sasimwani ikabomolewa. Sisemi moja lilisababisha lingine, ila nauliza mkataba wa Mau utasainiwa na jamii gani kama wenyeji wameandikwa wavamizi. Mipaka ya koo inajulikana, wazee wanaoweza kuionyesha kwa miguu, jiwe kwa jiwe, mto kwa mto, bado wapo lakini wanapungua. Kabla kampuni yoyote haijaingia Mau kupima hewa, wapimaji ardhi wa serikali waende na wazee hao kwanza.