Mtani asifukuzwe msibani

Video za famadihana hazikauki kwenye makundi yetu ya simu, na kila zikija watu wanashika vichwa. Wamalagasi wa nyanda za juu za Madagascar hufungua kaburi la ukoo, wakatoa mabaki ya wazee wao, wakayavisha sanda mpya na kucheza nayo ngoma kabla ya kuyarudisha. Mara nyingine yanakuja majeneza ya Ghana, yale ya Teshie karibu na Accra, ambako mvuvi anaweza kuzikwa ndani ya samaki wa mbao. "Dunia ina mambo," watu wanaandika.

Dunia ina mambo, ndiyo, lakini sisi wa Newala, Masasi na Nachingwea tuna jambo letu msibani ambalo mgeni akisimuliwa haamini. Tuna mtani.

Huku kusini utani uko baina ya makabila, Wamakonde, Wayao, Wamakua, Wamwera, na mtani akifika kwenye msiba ana ruhusa ambayo hata mtoto wa marehemu hana. Anaweza kuzuia sufuria ya ugali mpaka apewe chochote. Anaweza kuingia kwenye kaburi lililochimbwa, akajilaza, akasema hatoki mpaka wafiwa wamlipe. Mfiwa hakasiriki. Akikasirika, aibu ni yake. Na mtani huyohuyo ndiye wa kushika jembe, kuchota maji na kupika, kwa kuwa wenye msiba hawana nguvu.

Nimeona kazi hiyo kwa karibu Tandahimba, kwenye matanga ya mkulima wa korosho. Mama mmoja wa Kiyao alitoka ndani amevaa koti la marehemu na kofia yake, fimbo kwapani, anatembea ameegemea upande wa kushoto kama alivyotembea mwenyewe. Akapita katikati ya mkeka wa wanaume. "Karani! Nimeleta magunia manne, mbona umeandika matatu? Rudisha kilo zangu!" Uwanja mzima ukalipuka, maana marehemu aligombana na mizani kila msimu. Mjane, ambaye hakuwa ametia kitu mdomoni tangu maziko, alijifunika kanga usoni, mabega yanatikisika. Wenzake wakamkimbilia kumshika, wakakuta anacheka. Kisha akalia, kilio kirefu. Kisha akaomba uji.

Pole zetu zote hazikuwa zimefanya hivyo. Tulikuwa tumemsifu marehemu mpaka hatambuliki, na yule mama akamrudisha alivyokuwa, na ugomvi wake na yote.

Watoraja wa Sulawesi, Indonesia, hukaa na maiti nyumbani miezi, hata miaka, wakimwita mgonjwa na kumpelekea chakula, mpaka siku ya mazishi makubwa. Wanaagana taratibu. Sisi Waislamu tunaharakisha: anaoshwa, anavishwa sanda, vipande vitatu kwa mwanamume na vitano kwa mwanamke, anaswaliwa, na mara nyingi siku hiyohiyo amelala mwanandani kaelekezwa kibla. Naipenda haraka hiyo, ina heshima. Ila mwili unaenda mbio na moyo unabaki nyuma, na hapo katikati ndipo mtani anapofanya kazi yake.

Najua masheikh wengi hawapendi mambo haya. Kwenye kaburi nakubaliana nao kabisa: maiti asicheleweshwe kwa ajili ya mtu aliyejilaza shimoni anadai pesa. Mtani apewe nafasi yake kwenye matanga, uwanjani. Wala asiikamue familia iliyokwisha kuuza mbuzi kwa ajili ya hospitali. Mia mbili inatosha kutimiza mila. Kinachoniuma zaidi ni simu. Mtani akishaona kamera anaacha kuwachezea wafiwa, anawachezea watu wa mtandaoni ambao hawakumjua marehemu wala mwendo wake, na mjane anajikuta kilio chake kinatazamwa na mji mzima. Wazee wenye msiba wana haki ya kusema simu ziwekwe chini, na waseme.

Vijana wetu walioko Dar es Salaam wengi hawajui hata watani wao ni akina nani. Ukija likizo, muulize mjomba: ni kabila gani, ukoo gani, na katika kijiji nani bado anaiweza kazi hii.