Ndafu ya kumuaga mwalimu isitangulie faili lake

Hapa Moshi ameagwa mkuu wa chuo cha maendeleo ya wananchi. Mama huyu alianza kwa kushika chaki darasa la kwanza, akapanda hadi ualimu mkuu, akamalizia chuoni. Ndafu, yule mbuzi mzima wa kuchomwa, ilikatwa, vitenge vikamfunika mabega, risala ikataja vituo vyake vya kazi kimoja baada ya kingine. Kazi yenyewe haikutajwa, na hilo limeniuma.

Vyuo hivi vilianza mwaka 1975 kwa mfano wa Sweden. Hadi Novemba 2021, serikali iliporuhusu wasichana waliojifungua kurudi shuleni, kwa wengi wao chuo kama hiki kilikuwa mlango pekee uliobaki wazi. Mkuu anayempokea binti mwenye mtoto mgongoni lazima ajue nani atamshika mtoto saa za cherehani, na nyuzi zitanunuliwa kwa fedha gani. Hayo ndiyo yalistahili kipaza sauti.

Zawadi ziendelee, wastaafu wanazifurahia. Ila heshima kubwa kuliko zote ni faili la kustaafu lililokamilika, nalo tunalikumbuka ndafu ikishaliwa.

Aliyetoka shule kwenda chuo amebadili mwajiri, kutoka halmashauri kwenda wizarani. Barua ya ajira na ile ya kuthibitishwa kazini mara nyingi hubaki nyuma. Tena halmashauri zenyewe zimegawanyika: Arumeru ikazaa Meru na Arusha, Siha ikamegwa kutoka Hai. Karatasi ya miaka ya themanini inaweza kuwa kwenye kabati la ofisi ambayo mwalimu hajawahi kuikanyaga.

Linaloumiza zaidi ni daraja la mshahara lililocheleweshwa. Pensheni hukokotolewa kwa wastani wa mshahara wa miaka 3 iliyo bora, mara miezi ya utumishi, kwa kigawanyo cha 580. Chukua mwalimu wa miezi 420. Miaka hiyo 3 ikipita mshahara wake ukiwa pungufu kwa shilingi 100,000 kila mwezi kwa sababu ya barua ya daraja, basi kwa mkupuo wa asilimia 40, zile fedha za mara moja anapostaafu, anapoteza zaidi ya milioni 4, na pensheni yake ya kila mwezi inapungua kwa kama 43,000 maisha yake yote. Hakuna kitenge kinachofidia hilo.

Kwa hiyo ukaguzi uanze akiwa na miaka 57, akiwa bado na mshahara wa kurekebishwa. Atoe nakala za barua zote za madaraja na kuzilinganisha na salari slipu, mwezi kwa mwezi. Ahakikishe michango imefika PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, maana kukatwa kwenye mshahara si sawa na kuwasilishwa. Jina liwe lile lile kwenye barua ya ajira, vyeti na kitambulisho cha taifa cha NIDA. Huku kwetu hapo ndipo wengi hukwama: cheti kina jina la ubatizo, barua ina la ukoo, na kina mama wengine waliongeza la mume katikati ya utumishi.

Maofisa utumishi wana mafaili mengi, sawa, na walimu wengine hawakutunza hata nakala moja. Lakini mtu aliyejaza rejesta za watoto wetu miaka 35 bila kuruka siku hastahili kuzungushwa madirishani akiwa na miaka 61.

Kamati ya kuaga ikianza kuchangisha ya ndafu, iweke kando kwanza nauli ya kwenda Dodoma kufuatilia faili na kurudi.