Chopa ikianguka ikitua, twamtafuta nani?

Juzi kahawani hapa Kibokoni mjadala ulikuwa ni hizi chopa ndogo zinazoanguka wakati wa kutua, na wenzangu wakashikilia kwamba ripoti ya uchunguzi isiyomtaja mkosa ni kufunika kombe mwanaharamu apite. Uchungu wao naujua, lakini kwa hili mie siko nao moja kwa moja.

Kiambatisho 13 cha ICAO, shirika la Umoja wa Mataifa la usafiri wa anga, chasema lengo la uchunguzi ni kuzuia ajali nyengine, si kugawa lawama. Na hapa Kenya wanaochunguza ni AAID, idara ya kuchunguza ajali za ndege, si KCAA, mamlaka ya usafiri wa anga wanaotoa leseni, na ndivyo inavyofaa, mtoa leseni atajichunguza vipi?

Sasa chukua chopa kama R44, ile ndogo ya watu wanne. Ikijaa haifiki hata kilo 1,200, haibanwi na lile sharti la kubeba kisanduku cheusi, kwa hivyo ushahidi ni vyuma vilivyovunjika, video za simu na mdomo wa rubani kama yu hai. Rubani huyo ukimtisha na korti ataongea kweli? Atakwambia vipi kwamba alishuka wima upesi na kusi lampiga mgongoni, mapanga yakaingia kwenye hewa yaliyoisukuma yenyewe, akiongeza nguvu ndio kwanza yazidi kuzama? Ukimbebesha yeye peke yake hutauliza nani alimchagulia uwanja wa shule wenye vumbi na watoto wanaikimbilia chopa haijagusa chini.

Tena kuna ile R44 ya Bulli Tops, Australia, Machi 2013. Iligonga matawi ya mti, ikaanguka ikashika moto, watu 4 wakafa. Kumbe tangu Desemba 2010 kiwanda kilikuwa kimetaka matangi ya mafuta yabadilishwe yawekwe ya mpira yasiyopasuka ovyo, ila wenye chopa wakapewa muda mrefu. Lawama ingeishia kwa rubani, matangi yakabaki vilevile.

Lakini hapo hapo wenzangu wana haki, maana ule muda mrefu kuna watu waliukubali, na neno "hatulaumu" lisiwe pazia la kuwaficha. Kiambatisho hicho hicho chataka ripoti ya awali ndani ya siku 30, ya mwisho ikiwezekana ndani ya miezi 12. Basi ya mwisho itolewe yote, hadharani, na familia zipewe kopi kabla ya vipande kuzagaa WhatsApp, na polisi wakiona pana jinai wafungue faili lao kando wasiguse yale rubani aliyowaambia wachunguzi.