Noti za Schroeder si mapambo

Kila watu wakiongelea Schroeder, yule mtoto wa kwenye Peanuts, katuni ya magazetini ya Mmarekani Charles Schulz, anayeinamia kipiano chake cha kuchezea kutwa nzima akipiga muziki wa mtunzi Beethoven, lazima atokee mtu aseme Beethoven pale ni kichekesho tu, usitafute makubwa. Na kusema kweli wana ushahidi mzuri, tena umetoka kwa mchoraji mwenyewe, maana Schulz alishasema kwamba yeye binafsi alimpenda zaidi Brahms, mtunzi mwingine, ila Beethoven ndo alionekana anachekesha zaidi. Kile kipiano nacho asili yake ni kitu cha kuchezea cha nyumbani tu, cha binti yake. Halafu fikiria msomaji mwenyewe: katuni ilifika magazeti zaidi ya 2,600, mtu yuko kwenye basi au anakunywa chai, fremu nne, sekunde kumi, kafungua ukurasa mwingine. Wangapi kati yao wanasoma noti za muziki? Kwa hiyo ile mistari mitano inayoelea juu ya kichwa cha mtoto kazi yake ni kukuambia "hapa kuna muziki", basi.

Hoja hiyo ina uzito na siibezi, ila naona inaishia njiani. Sababu ya kuchagua jina ni kitu kimoja, na alichokifanya Schulz baada ya kulichagua ni kitu kingine kabisa. Angeweza kuchora vijidude vyeusi vyovyote vile vyenye mikia na hakuna ambaye angemlaumu, wachoraji wengi ndo wanavyofanya. Yeye alikaa na vitabu vya muziki akanakili, noti kwa noti, kutoka vipande halisi. Mwaka 2008 jumba la makumbusho la Schulz kule Santa Rosa, California, lilifanya maonyesho kuhusu jambo hili, na William Meredith, mkuu wa kituo cha utafiti wa Beethoven pale San Jose State, alikuwa amezipitia zile katuni akitambua vipande kimoja kimoja, na alichosisitiza ni kwamba kipande kilichochaguliwa mara nyingi kina uhusiano na kinachotokea kwenye stori.

Chukua katuni moja ya miaka ya 1950, kwangu mimi hii peke yake inatosha. Schroeder anapiga pushapu. Anaruka kamba, ananyanyua vyuma, anapiga sitapu huku anahema, anarusha ngumi, anakimbia, anakula chakula cha kushiba, halafu anatembea kwa dhamira mpaka kwenye kipiano, anakaa, anaanza kupiga na jasho linaruka. Asiyesoma noti anacheka: mtoto kajiandaa kama bondia kwa ajili ya kipiano cha kuchezea. Sawa, kichekesho kimekamilika, hakuna kilichopungua. Sasa zisome zile noti. Ni mwanzo wa Hammerklavier ya Beethoven, sonata (muziki wa piano wenye sehemu kadhaa) Opus 106, yaani kazi yake namba 106, ambayo inachukua zaidi ya dakika arobaini na inaishia na fyuga, muziki wa sauti zinazofukuzana, inayowatoa jasho wapiga piano wakubwa wa dunia hii mpaka leo. Yaani mtoto hajachanganyikiwa hata kidogo! Kajiandaa kwa kiwango kile kile ambacho kipande kinadai.

Na hapa kuna namba moja ambayo haiishi kunisumbua, 138. Katika sonata zake zote 32, hii ndiyo pekee ambayo Beethoven mwenyewe aliiandikia spidi ya metronomu, kile kifaa cha kuhesabu mapigo, na kwa sehemu ya kwanza aliweka noti za nusu 138 kwa dakika, spidi ambayo tangu itoke mwaka 1819 watu wanabishana kama binadamu anaiweza, wengine wakafika kusema metronomu yake ilikuwa mbovu. Mpiga piano Artur Schnabel aliikimbiza karibu na hapo kwenye rekodi yake ya miaka ya 1930 na unasikia kabisa vidole vinateleza, na wengi wanaikubali hivyo hivyo kwa sababu ule ujasiri wenyewe ni sehemu ya muziki. Sasa mrudishe Schroeder hapo. Kipiano cha kuchezea ndani hakina hata nyuzi, nyundo zinagonga vyuma vyembamba, oktava zake chache, na hicho chake vibonyezo vyeusi vimechorwa kwa rangi tu, akiulizwa anawezaje anajibu kwamba anafanya mazoezi sana. Ule mruko wa mkono wa kushoto kutoka noti ya chini kabisa, kwenye sekunde ya kwanza ya Hammerklavier, haukai kwenye chombo kile. Hauna pa kutua. Lakini anaupiga, na Schulz kahakikisha umeandikwa sawasawa. Huyo ni mtu anayemheshimu mtoto anayependa kitu kilichomzidi kimo, na hiyo heshima huioni kama umeshaamua kwamba noti ni mapambo.

Wapo watakaojibu kwamba hata Beethoven hakuzishikilia noti zake kama kitu kitakatifu, na ni kweli, kwani alimruhusu Ferdinand Ries, mwanafunzi wake wa zamani aliyekuwa akisimamia toleo la London, aache baadhi ya sehemu za hiyo hiyo Opus 106 au abadili mpangilio kama Waingereza wangeona ni ndefu. Ila ni huyo huyo, kazi ikiwa tayari kuchapwa, aliyemwandikia Ries aongeze noti mbili tu mwanzoni mwa ile sehemu ya polepole. Ries alishangaa, halafu alipozipiga akakiri zimebadilisha kila kitu.

Kuhusu wasiosoma noti, kwa kweli sidhani kama wanadharauliwa. Sisi tuliokulia kwenye kwaya tunajua ukiangalia karatasi ya noti kichwa kinaanza kuimba chenyewe, lakini asiyejua naye anaona kuna kitu kamili pale, hasa Snoopy, yule mbwa wa kwenye katuni, anapozikalia zile noti au kujigonga nazo kama vitu vya kushikika. Na gazeti halitoi sauti. Miaka ya 1817 na 1818 Beethoven alipokuwa anaandika Hammerklavier masikio yalikuwa yamekwisha kiasi kwamba watu walianza kuongea naye kwa kuandika kwenye daftari, kwa hiyo muziki huu tangu mwanzo uliishi kwenye karatasi na kichwani mwa mtu. Ukiuweka kimya kwenye fremu hujauharibu. Ile filamu ya Peanuts ya Krismasi ya mwaka 1965 ilitupa piano yenye sauti na Für Elise, kipande kingine cha Beethoven, naipenda, ila pale tayari umeshachaguliwa cha kusikia na kwa spidi gani.

Ninachotaka mimi ni kidogo tu: matoleo mapya ya vitabu vya Peanuts yaandike chini ya ukurasa jina la kipande na namba ya Opus, herufi ndogo, asiyetaka aruke. Siku hizi mtoto ana simu, atatafuta Opus 106 dakika hiyo hiyo, atasikia kwa nini yule mwenzake alianza na pushapu.