Sarafu Zinazomhubiria Mwenye Mali

Matangazo ya minada ya sarafu za zamani za Mapapa yananichosha. Uzito, kipenyo, mwaka, imechakaa kiasi gani, bei. Kisha mwishoni kabisa: "ina maandishi ya Kilatini". Basi! Maandishi hayo ndiyo roho ya sarafu, na wanayapita kama mikwaruzo.

Tazama fedha za Papa Inosenti XI, aliyeongoza Kanisa kuanzia 1676 hadi 1689. Upande mmoja utakuta ngao ya ukoo wake wa Odescalchi, na juu yake taji la Kipapa na funguo za Petro zilizopishana. Sawa, hapo kuna fahari ya ukoo, sibishi. Lakini igeuze. Maneno ndiyo yameshika nafasi ya picha. Piastra moja, sarafu kubwa ya fedha, inasema NON PRODERVNT IN DIE VLTIONIS, yaani ile Mithali 11:4: mali hayafai kitu siku ya ghadhabu. Nusu piastra inasema AVARVS NON IMPLEBITVR. Apendaye fedha hatashiba fedha. Testone yake, sarafu ya fedha iliyo ndogo zaidi: MELIVS EST DARE QVAM ACCIPERE, ni heri kutoa kuliko kupokea.

Hebu fikiri! Pesa yenyewe inamwambia anayeihesabu kwamba haitamwokoa. Na aliyeagiza maneno hayo alizaliwa Como katika ukoo wa wafanyabiashara wa fedha, akakuta hazina ya Kanisa imezama kwenye madeni, akabana matumizi, akamnyima mpwa wake Livio nafasi serikalini wakati Mapapa wengi kabla yake waliwatajirisha ndugu zao. Huyo alikuwa na haki ya kuhubiri.

Watasema maskini wa Roma hakujua Kilatini. Kweli, hakujua. Lakini piastra haikuwa pesa ya maskini. Ilikaa mifukoni mwa makardinali, mawakili na wenye mabenki, na hao Kilatini walikisoma vizuri sana. Mahubiri yaliwafikia waliohusika.



Ipo moja inayonikwaza: piastra ya 1684, DEXTERA TVA DOMINE PERCVSSIT INIMICVM, mkono wako wa kuume, Bwana, umempiga adui. Ni baada ya Waturuki kushindwa Vienna mwaka 1683. Papa yuleyule wa "heri kutoa" akaitia vita kwenye fedha. Inaniuma, na ndiyo maana nataka isomwe. Anayeinunua ajue anaweka kabatini shangwe ya vita.