Boksi Limejua

Mteja alileta boksi la kompyuta ya gari na koili tu, ile inayokuza umeme wa betri uende kwenye plagi, kwenye mfuko wa unga. Gari lenyewe, asema, limekwama Kongowea, plagi hazitoi moto. Basi nikaamua kulipima hapa hapa gereji, Majengo, mezani. Boksi halina macho. Hujua injini inazunguka kwa kuambiwa na sensa ya krenki, inayosoma meno ya gurudumu linalozunguka na injini. Ukiliigizia sensa hiyo, litawasha plagi hata kama injini iko Likoni ng'ambo.

Nikachukua Arduino, kile kibao kidogo cha kompyuta, nikaandika programu ya kutoa volti 0 na 5, jino baada ya jino, nafasi 60 kwa kila mzunguko. Mizunguko 3000 kwa dakika, ambayo ni meno 3000 kwa sekunde. Nikawasha. Kimya. Saa nzima nabadilisha waya, nalitukana boksi, na mwenye boksi pia (kimoyomoyo, maana hajalipa).

Ndipo akaingia Ami muuza kahawa, vikombe vikilia.

"Gari liko wapi, mwanangu?"

"Hakuna gari, Ami. Naliambia boksi kwamba injini inazunguka."

"Yaani wafanya kazi ya kudanganya boksi?"

Akacheka, pengo lake la mbele likaonekana. Pengo! Gurudumu la krenki la gari lile lina meno 58. Mawili hayakuwekwa makusudi, ili boksi lijue mzunguko unaanzia wapi. Mie nimelipelekea 60 kamili, litahesabu kutoka wapi? Nikafuta mawili, nikabonyeza.

Ta-ta-ta-ta! Cheche ya buluu, tamu kuitazama.

Plagi ilikuwa imelala juu ya meza ya chuma, na waya wa kurudi hasi ya betri nimeubana kwa klipu kwenye mguu wa meza. Ami alisogea aone vizuri, akaupiga waya teke bila kujua. Klipu ikachomoka. Sasa meza nzima imebeba umeme wa koili, na huo si wa volti 12 za betri: ni maelfu, tena unatafuta njia ya kurudi kwao kwa udi na uvumba. Ami naye mkono wa kushoto kashika mlango wa mabati, wa kulia anatua dele la shaba mezani.

"Ya Rabbi!"

Dele upande huu, vikombe upande ule. Kofia ilianguka ndani. Mwenyewe alikuwa keshafika nje. Kahawa yote ikaoga Arduino.

Akasimama ng'ambo ya barabara akijisugua mkono, akawatangazia waliokuwa wakingoja matatu: "Boksi lishajua! Lishajua ladanganywa!"

Nikamlipa dele zima na vikombe vitatu. Boksi zima, koili nzima. Mbovu ilikuwa sensa.

Siku hizi Ami huishia kizingitini, dele kalikumbatia, na kabla ya kumimina huniuliza:

"Leo umeliambia kweli?"